Kabati limeota ukungu, kitanda kinamwaga unga, mchicha umeoza: nianzie wapi kabla ya masika?

Habari za kazi, washauri.

Naishi Tanga, katika nyumba ya matofali ya sementi tuliyohamia miaka miwili iliyopita. Chumbani tuna kabati la nguo na kitanda, vyote vya mninga, tulivyotengenezewa na fundi wa mtaani. Kabati lina mgongo wa plaiwudi nyembamba, halina miguu, na tumelisukuma hadi likagusa ukuta. Masika iliyopita nilipolifungua lilinipiga na harufu ya uvundo. Mabaibui na kanzu za mume wangu zilikuwa na madoa ya kijivu kwenye pindo, na mgongo wa kabati kwa ndani ulikuwa na ukungu wa kijani kama mkate uliolala. Nilifuta, ukarudi baada ya wiki mbili. Ukuta wa nyuma yake umebanduka rangi kutoka sakafuni hadi usawa wa goti, na unatoa unga mweupe kama chumvi.

Droo ya chini ya kabati hilo ilikwama mwezi wa Aprili. Fundi anasema ailete randa aipunguze.

Kitanda nacho, kila nikifagia nakuta vichuguu vidogo vya unga laini chini ya mbao moja ya ubavuni. Mbao hiyo ina matundu madogo, lakini yote yako kwenye ukanda mweupe tu. Sehemu nyekundu ni nzima. Fundi ananishauri nipake oili chafu. Jirani kaniambia kabati nilipake mafuta ya nazi. Mwanangu anataka ukuta tuupige rangi ya mafuta ili unyevu usipite.

La mwisho ni bustani. Nje ya ukuta huohuo wa chumbani nina tuta la mchicha na nyanya, nimelizungushia tofali na kujaza udongo na samadi, na namwagilia kila jioni. Nyumba haina gata. Masika iliyopita mchicha ulianguka wote ukiwa na majani mawili, na nyanya ziliungua majani kwa wiki moja. Sasa ni Februari, kaskazi bado inavuma, na nina wiki chache. Nianzie wapi?

Mama watatu, Tanga

JIBU

Mama watatu, anzia nje, kwenye tuta. Umetuandikia matatizo manne, lakini matatu kati yake yana mzizi mmoja, nao ni maji yaliyo mguuni mwa ukuta wa chumba chako. Kitanda peke yake ndicho chenye kesi yake. Ukifuta kabati kabla ya kukausha ukuta, utafuta tena Mei na Juni.

Hesabu ya mvua ni hii. Milimita 1 ya mvua ikianguka juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1 ya maji. Tuchukue upande mmoja wa bati wenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 4: ni mita 32 za mraba. Mvua ya milimita 30, ambayo si ya ajabu pwani wakati wa masika, inamwaga upande huo lita 960, yaani ndoo 48 za lita 20. Kwa kuwa huna gata, ndoo zote hizo zinashuka kwenye mstari mmoja, na hapo wewe umejenga tuta la kuzipokea na kuzihifadhi. Tofali za pembeni zinazuia maji yasitoke, samadi inayashika kama sifongo, na ukuta unayanyonya. Tofali la sementi limejaa vitundu, na maji hupanda ndani yake kama chai inavyopanda kwenye andazi. Ule unga mweupe ni chumvi iliyosafirishwa na maji hayo. Maji yamekauka usoni mwa ukuta, chumvi imebaki na kuisukuma rangi itoke.

Ili usifanye kazi kwa kukisia, ukague ukuta leo. Kata kipande cha nailoni cha sentimita 30 kwa 30, kibandike kwa ndani, sentimita 20 kutoka sakafuni, na uzibe pande zote nne kwa selotepu pana. Kiache siku mbili. Matone yakiwa upande wa ukutani, unyevu unatoka ndani ya ukuta. Yakiwa upande wa chumbani, ni unyevu wa hewa ya chumba unaogandia ukuta wa baridi, na hapo dawa ni madirisha. Kwa dalili ulizoeleza tunatarajia upande wa ukutani, lakini pima.

Kisha chukua jembe na sepetu. Ondoa udongo wote uliogusa ukuta hadi uso wa ardhi uwe angalau sentimita 15 chini ya sakafu ya ndani. Kipimo hicho kina sababu: juu ya msingi hutandazwa nailoni ya kuzuia unyevu, na udongo ukirundikwa kuipita, maji yanairuka na kuingia tofalini moja kwa moja. Acha ukanda wa sentimita 60 kutoka ukutani usiopandwa kitu. Uelekeze mteremko nje, sentimita 3 kwa kila mita inatosha, na umwage kokoto unene wa sentimita 10. Kokoto zinazuia pia matone yasiruke na tope kwenye lipu. Vyungu vya maua unaweza kuvipanga hapo, ila visiegemee ukuta.

Gata ifungwe kabla ya katikati ya Machi. Iteremke kuelekea bomba la kushushia, angalau sentimita 1 kila mita 3, na maji yaende kwenye tangi au mbali na msingi. Fedha ikiwa haitoshi nyumba nzima, funga upande huo mmoja. Huko ndiko kunakoumia.

Kwa ndani, mwambie kijana wako aweke brashi ya rangi ya mafuta pembeni. Wazo lake linaonekana lina akili, lakini rangi hiyo ni kama kifuniko cha sufuria: maji hayaachi kupanda, yanapanda zaidi yakitafuta pa kutokea, na masika ijayo mbanduko utafika kiunoni. Kwangua rangi iliyolegea, futa chumvi kwa brashi kavu na uizoe. Usiioshe, kwa kuwa maji huiyeyusha ikarudi ndani. Kama lipu inamomonyoka ukiisugua kwa kidole, ing'olewe hadi sentimita 30 juu ya mahali unyevu unapoishia, na itakapopigwa upya mchanga uwe wa mtoni, si wa ufukweni. Ukuta uachwe bila rangi miezi kadhaa. Tofali la inchi 6 lililoloa halikauki kwa wiki. Ukitaka chumba kisionekane kibovu, piga chokaa, inayouacha ukuta upumue. Nyumba za zamani za Pangani na Zanzibar zilijengwa kwa mawe na chokaa, na nyingi zilianza kutoa jasho na kubanduka pale zilipokandikwa lipu ya sementi.

Sasa kabati. Livute wakati kaskazi ingali inavuma, hewa ni kavu kuliko itakavyokuwa hadi Juni. Kazi ya kusugua ifanyike uani, uvae barakoa, maana vumbi la ukungu likiingia kifuani ni baya, hasa kwa mwenye pumu. Ule mgongo wa plaiwudi usiutese kwa kuusafisha. Plaiwudi nyembamba ikiota ukungu ndani ya tabaka zake, ukungu huo hautoki, ing'oe uitupe. Mbao za mninga zifute kwa kitambaa kilichokamuliwa, maji lita 1 na kijiko kimoja cha sabuni ya maji, kisha pitisha siki nyeupe isiyochanganywa, iache saa moja, futa, na uanike kivulini penye upepo siku mbili. Jua kali la saa saba linapasua maungio. Jiki usitumie kwenye mbao: dawa yake inabaki juu, maji yake yanazama na kuulisha ukungu uliobaki, na rangi ya mninga inapauka. Na kamwe usichanganye jiki na siki, mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu.

Mgongo mpya uwe plaiwudi ya milimita 6, iliyopigwa vanishi pande zote mbili kabla ya kupigiliwa. Hapa ndipo mafundi wengi wanapokosea: wanang'arisha uso unaoonekana na kuacha nyuma, chini na ndani ya miguu mbao tupu. Mbao yenye vanishi upande mmoja hunywa maji kwa upande mwingine, ikapinda, na matundu yake yasiyozibwa ndiyo wadudu wanapotagia. Mwambie atoboe matundu manne ya milimita 25 chini ya mgongo na manne juu, ayabane na wavu wa mbu kwa ndani. Hewa ya baridi inaingia chini, ya joto inatoka juu. Kabati lipate miguu ya sentimita 10, na likirudishwa lisimame sentimita 8 hadi 10 mbali na ukuta. Likiwezekana lihamie ukuta wa ndani wa nyumba kabisa.

Masika ikifika, milango ya kabati ifunguliwe mchana, kati ya saa nne na saa kumi, siku mvua inapokatika. Alfajiri usifungue. Wakati huo hewa ndiyo imeshiba maji kuliko saa zote. Nguo ziingie zikiwa zimekauka hata kwenye mishono. Kanzu iliyovaliwa nusu siku na kurudishwa inabeba jasho la kutosha kuanzisha doa.

Mafuta ya nazi tunakuomba uyaache jikoni. Hayakauki. Yanabaki yamelowa juu ya mbao, yanakamata vumbi, yanachacha, na ukungu unapata chakula. Ukitaka mafuta, tafuta mafuta ya kitani, yanayoganda yakawa ngozi: pakaa kidogo kwa kitambaa, subiri dakika 20, futa yote yanayoteleza, rudia kesho. Vitambaa ulivyotumia vianike vimekunjuliwa nje au uvizamishe kwenye maji. Vikikunjwa na kutupwa pembeni hupata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka.

Droo isiguswe na randa Aprili. Mbao hutanuka kwa upana wake ikinywa unyevu, na hurudi ikikauka. Fundi akiinyoa ikiwa imevimba, Agosti itacheza kama jino. Sasa hivi, ikiwa kavu, itoe, sugua reli na pande zake kwa msasa namba 120, kisha zisugue kwa mshumaa hadi zing'ae, na upige vanishi mbao za nje zilizo wazi. Ikikwama tena baada ya hayo yote, tazama ile mikwaruzo inayong'aa: hapo tu ndipo panapopunguzwa, nusu milimita, mwezi wa Julai.

Kitanda hakina haja ya kuchomwa moto. Umetupa ushahidi mzuri sana uliposema matundu yako kwenye ukanda mweupe tu. Mninga una sehemu mbili: moyo mwekundu ambao wadudu hawauwezi kirahisi, na weupe wa nje ya gogo wenye wanga, ambao ndio chakula chao. Fundi alikuuzia ubavu wenye weupe. Chukua unga huo kidogo usugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukiwa laini kama sembe, na matundu yana upana wa milimita 1 hadi 2, ni mbawakawa wadogo wanaobungua mbao. Ukihisi punje zinazokwaruza kama mchanga au sukari, ni mchwa wa mbao kavu, na dawa lazima ipigwe kwa kina zaidi na samani zote za chumba zikaguliwe. Ukiona vijia vya udongo vinapanda ukutani, ni mchwa wa ardhini, na hao wanafuatwa ardhini, kitandani utawakimbiza tu.

Kwanza jua kama wadudu bado wako hai, kwa sababu unga wa zamani huendelea kumwagika kila mtu akigeuka usingizini. Piga mbao kwa nyundo ya mpira, nyonya au pangusa matundu yote, tandika karatasi nyeusi chini, usubiri wiki mbili. Angalia pia matundu kwa tochi. Tundu jipya lina ukuta mweupe msafi ndani kama mbao iliyokatwa jana. La zamani limeingia weusi na vumbi.

Wakiwa hai, fungua kitanda, kipeleke nje. Sugua ule ukanda mweupe kwa msasa namba 80 mpaka vanishi iishe, maana dawa haipenyi juu ya vanishi. Nunua dawa ya mbao kwenye duka la vifaa vya ujenzi, iwe na lebo inayosomeka inayotaja wadudu wanaobungua mbao na samani za ndani ya nyumba. Vaa glovu na barakoa. Pakaa kwa brashi mara mbili, ukifuata muda ulioandikwa kati ya mkono wa kwanza na wa pili, na kwa bomba la sindano ingiza dawa kwenye matundu, tundu moja kati ya kila matatu, hadi itokee kwa jirani. Kiache kitanda kivulini wiki nzima, watoto wasikiguse. Ndipo uzibe matundu kwa nta au unga wa mbao na gundi, upige vanishi mikono mitatu, chini na juu. Uzibaji huo ndio kengele yako: tundu lolote jipya litaonekana. Usishtuke likitokea moja au mawili miezi kadhaa baadaye, ni funza waliokuwa ndani sana. Yakizidi hapo, badilisha ubavu wenyewe. Ukinunua mbao mpya, kataa yenye weupe hata kwa bei nzuri.

Oili chafu inafaa nguzo za uzio, na hata huko tuna mashaka nayo. Ina mabaki ya moshi wa injini, inachafua godoro, harufu haitoki, na vanishi haitashika juu yake tena.

Bustani yako ihamie mita 2 kutoka nyumbani, na udongo uliouondoa mguuni mwa ukuta uende nao, ni mzuri. Tengeneza matuta ya upana wa mita 1, urefu wa kwenda juu sentimita 25, njia ya sentimita 40 kati yake, bila tofali pembeni. Mwaga ndoo moja ya samadi iliyoiva kwa kila mita ya mraba. Iliyoiva haina joto ukiingiza mkono, na haina harufu ya zizi. Mchicha wako uliuawa na kinyausi, ugonjwa wa miche unaokaba shina pale linapotoka ardhini hadi linakuwa jembamba kama uzi. Unaletwa na mbegu zilizobanana, samadi mbichi na udongo usiokauka. Changanya kijiko 1 cha mbegu na vijiko 10 vya mchanga mkavu, sia kwa mistari ya sentimita 20, kina kisizidi nusu sentimita, na uinue kuti sentimita 60 juu ya tuta ili matone yasizichimbue mbegu. Kuti liondolewe miche ikiwa na majani manne. Kumwagilia kuwe asubuhi, chini ya mmea. Ukimwagilia jioni, majani yanalala yameloa, na magonjwa ya majani hayahitaji zaidi ya hapo.

Nyanya masika hii usipande kabisa. Pwani, mvua na joto vikikutana, magonjwa ya bakajani na mnyauko hayakupi nafasi, na utamaliza fedha kwenye dawa. Sia kitalu katikati ya Mei, hamishia bustanini baada ya wiki nne au tano, sentimita 60 kwa 50, kila mche na mti wake wa kuegemea. Kusi itakuwa imeingia, hewa imepoa, nawe utachuma kuelekea Septemba. Matuta ya masika wape matembele na bamia. Matembele yakate vipande vya sentimita 30, ufukie theluthi mbili, nafasi sentimita 30. Bamia ziloweke usiku mmoja, mbegu mbili kwa shimo, sentimita 60 kwa 30, uzisie mvua za kwanza zinapoanza. Utaanza kuchuma baada ya siku 50 hadi 60, na ukishaanza usiruke siku mbili, zinakomaa zikawa kamba.

Matandazo ya majani makavu ni mazuri sana kwa matuta hayo, lakini yasisogee kwenye ule ukanda wa kokoto. Mchwa wa ardhini huanza na majani, kisha fremu ya dirisha.

Mwezi wa Julai bandika tena ile nailoni mahali palepale. Ikitoka kavu, paka rangi ya maji. Ikiwa bado ina matone upande wa ukutani ingawa udongo umeshuka, gata ipo na mvua imekwisha, basi nailoni ya msingini haikuwekwa au imechanika. Hiyo inatibika kwa kukata ukuta juu ya msingi na kuingiza nyingine, vipande vifupi visivyozidi mita 1 kwa zamu, kila kimoja kikijazwa na kukauka kabla ya kingine kuanzwa. Fundi atakayetaka kukata urefu wote kwa siku moja, usimruhusu aguse nyumba yako.